Ukuta wa banda la gari: ununue nini uwe laini na ushike rangi

Ukuta wa banda la gari unapata shida ambazo ukuta wa sebuleni hauzijui. Gari linaingia limelowa, mara nyingine linaoshewa humo humo, na kama msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu, maji ya ardhini hupanda taratibu ndani ya tofali. Ndiyo maana rangi huanza kufura na kubanduka chini, futi mbili tatu kutoka sakafuni. Bidhaa hizi nne za kulainisha ukuta kabla ya rangi nimezipanga kwa kigezo kimoja: ikilowa, itakuwaje?

Kabla ya kwenda dukani, pima unyevu. Bandika ukutani kipande cha nailoni cha futi moja na nusu kila upande, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Puti (uji mzito wa kusawazisha ukuta) yoyote utakayopaka hapo itabanduka.

Namba moja ni puti ya saruji nyeupe, ile ya unga. Hakikisha mfuko umeandikwa kuwa msingi wake ni saruji na kwamba inafaa ndani na nje. Ikishashika haigeuki tope hata ikimwagiwa maji. Lowesha ukuta kidogo kabla ya kupaka, la sivyo tofali litafyonza maji yote na puti itabaki unga mtupu. Piga mikono miwili myembamba, na ukadirie kilo 1.5 hadi 2 kwa mita ya mraba. Banda la urefu wa mita 6, upana 3 na kimo 2.7, ukiondoa upande wa mlango, lina mita za mraba kama 40, yaani kilo 60 hadi 80. Ubaya wake ni ugumu: ukichelewa kupiga msasa, utatoka jasho. Anza na namba 120, malizia na 220, na uvae barakoa, maana vumbi la saruji si la kuvuta. Mfuko ulioshika mabonge uache hapo hapo dukani.

Namba mbili ni niru ya saruji ya kawaida, yaani tabaka jembamba la uji wa saruji juu ya lipu. Kama lipu ndiyo kwanza inapigwa na hela ni ya kubana, ningechagua niru bila kusita: ni rahisi, ngumu, na maji haiyaogopi. Lakini hupigwa lipu ikiwa bado mbichi. Juu ya lipu kuukuu hubanduka vipande vipande, na isipomwagiliwa hutoa nyufa nyembamba kama nywele.

Ya tatu ni puti ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa. Inafaa kuziba matundu na mikwaruzo midogo. Kwa ukuta mzima gharama inapanda, na nyingi hulainika zikilowa.

Ya mwisho ni jipsamu, yaani jasi, na hapa fundi wako anaweza kubisha. Wengi huipenda kwa sababu inakauka haraka na msasa unateleza wenyewe. Sebuleni ni nzuri sana. Bandani usikubali, hasa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambako hewa yenyewe ina unyevu. Jasi ikilowa hulegea, na rangi huondoka nayo.

Nguzo na mihimili ya zege iangalie peke yake. Mbao za kumwagia zege hupakwa mafuta, na mafuta hayo yakibaki juu yake puti haishiki. Sugua kwa sabuni ya unga na brashi ya waya, suuza, kisha uichongechonge ipate mikwaruzo. Fanya vivyo hivyo palipodondokewa na oili ya injini. Ukuta wenye mabonde ya zaidi ya milimita 5 hauhitaji puti kwanza. Nunua mchanga laini na saruji, upigwe lipu upya.

Lipu mpya ipe siku 28 kabla ya rangi. Saruji changa ina alikali kali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), na ukiipaka rangi ya mafuta, alikali hiyo huyageuza mafuta kuwa sabuni na rangi hubaki ikinata. Tumia praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) inayostahimili alikali, halafu rangi ya maji ya aina inayooshika, mikono miwili.