Baada ya mpunga: pojo au simsim?

Mpunga ukishavunwa bondeni mwa mto Sabaki, pwani ya Kenya, swali ni lile lile: jaruba lipandwe nini?

Kwa haraka, pojo (choroko, au ndengu). Siku 60 hadi 75 unachuma, na unyevu uliobaki huweza kuisukuma. Ng'oa mche mmoja ukichanua, upasue vile vifundo vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani, vinavuta naitrojeni ya hewani, chakula cha mimea, na baadhi yake itabaki udongoni kwa mpunga ujao. Tabu yake ni ghalani. Usipoitia mifuko isiyopitisha hewa, wadudu huitoboa ikabaki unga.

Simsim (ufuta) hukaa miezi 3 hadi 4, wala hairudishii udongo naitrojeni. Ila ghalani haina makuu ikikauka sawasawa. Adui wake ni maji. Yakituama siku chache tu, inanyauka. (Pojo nayo haiyapendi, usidanganywe.) Na kuvuna ni kuwahi. Mimi nilichelewa, vitumba vya mbegu vikapasuka, njiwa wakala kabla yangu. Sasa nakata mapema, nasimamisha mafungu juu ya turubai.

Udongo umechoka na pesa yatakiwa upesi? Pojo. Una kipande kilichoinuka, kisichotuamisha maji, na mikono ya kutosha siku ya kukata? Simsim.