Mkopo wa Bodi kwa mwanafunzi wa ualimu: ukifundisha Makete, deni halipungui

Msimu wa maombi ukifika, kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, na zile za karibu na geti la chuo cha Mkwawa, Iringa, kuna ushauri unaozunguka kwa wazazi na vijana: chukua ualimu, serikali itakukopesha, utalipa kwa kufundisha. Kukopeshwa, sawa. Kulipa kwa kufundisha, hapana. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) unalipwa kwa fedha tu. Mwalimu wa fizikia aliyekaa Makete miaka kumi kwenye baridi ile, na mwenzake aliyepata kituo Iringa mjini, wanakatwa asilimia ileile. Mwaka wa kazi haufuti hata shilingi moja.

Tuupime basi kama mkopo, tuuache mkate wa bure.

Kinachotoka kwanza ni chakula na malazi, hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kiwango hicho kilianza mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo kilikuwa 8,500. Fedha inatoka kwa awamu za siku 60, na hilo ndilo bumu: 600,000 kwa mkupuo, mara nne kwa mwaka. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, yaani BTP, ni hadi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56. Ada inategemea uhitaji ulivyopimwa, na hapa ndipo watu wawili wa darasa moja wanapoachana: mmoja analipiwa karibu yote, mwingine anapata sehemu ndogo na kumrudia mzazi.

Jumlisha mapema, kabla hujasaini. Bumu la miaka mitatu ni 7,200,000. Vitabu 600,000. BTP mara mbili, kwa siku zote 56, ni 1,120,000. Hapo una deni la 8,920,000 na ada haijaguswa. Wengi hawaifanyi hesabu hii, na ndiyo maana wakija kuona taarifa ya deni wanadhani Bodi imekosea.

Maombi yenyewe si magumu, ila hayasamehe uzembe. Yanafanyika kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa maombi mtandaoni, kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, na ada yake ni 30,000 inayolipwa kwa namba ya malipo. Aliyerudia mtihani aweke namba zake zote za mtihani, asichague ile yenye matokeo mazuri peke yake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vivyo hivyo cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Uhakiki huo unaombwa wiki kadhaa kabla. Anayeuanza siku dirisha la maombi linapofunguliwa amechelewa tayari, maana foleni ya RITA wakati huo ni ya nchi nzima.

Kinachoangusha watu wengi Nyanda za Juu Kusini ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini Mwakyusa, cha kidato cha nne kinasema Tumain Mwakyusa, na herufi moja tu inaleta shida. Mwingine ana jina la ukoo kwenye cheti kimoja na jina la babu kwenye kingine. Hiyo inatengenezwa kwa kiapo cha majina au kwa kusahihisha cheti, kazi ya Aprili au Mei, siyo ya usiku wa mwisho. Baada ya hapo fomu inachapishwa, inapelekwa kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini, na kwa hakimu au wakili, kisha kurasa zenye saini zinaskaniwa na kupandishwa. Angalia muhuri wa mtaa kwa macho yako kabla hujatoka ofisini: wino ukiwa umekauka, skana ya steshenari inatoa duara jeupe lisilosomeka, na fomu inahesabika haina muhuri. Picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli ni hivyohivyo. Lipa mia tano ya skana.

Ukishapangiwa, matokeo unayaona kwenye SIPA, akaunti yako ya mkopo mtandaoni. Chuoni kuna kusaini. Hili linachukuliwa kimzaha, lakini fedha isiyosainiwa inarudi Bodi, na kuirudisha chuoni ni barua juu ya barua wakati mwenye nyumba wa Kihesa anataka kodi yake.

Sasa marejesho. Sheria inampa mhitimu miezi 24 tangu amalize au asitishe masomo kabla ya kuanza kulipa. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mnufaika, kisha amkate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ilikuwa asilimia 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na waliokopa wakitarajia 8 nao wakaingia kwenye 15. Kero hiyo ina haki kabisa.

Chukua mshahara wa msingi wa 700,000, kwa mfano tu. Bodi 105,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5, ni 35,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 21,000. CWT, chama cha walimu, asilimia 2, ni 14,000. Kodi inapigwa kwenye 665,000 baada ya kutoa mchango wa pensheni, inakuja 49,000. Mkononi zinabaki 476,000, kabla hujagusa mkopo wa benki. Sheria inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara, hapa usishuke chini ya 233,000 na kitu, kwa hiyo nafasi ya kukopa benki ipo, lakini Bodi imeshakaa mbele ya foleni. Kwa 105,000 kwa mwezi, lile deni la 8,920,000 linaisha baada ya miezi 85, miaka saba na mwezi. Ukiongeza ada ya milioni moja kwa mwaka inafika miezi 114, yaani miaka tisa na nusu. Mshahara ukipanda, makato nayo yanapanda na muda unafupika.

Sifa kubwa ya mkopo huu ni moja, nayo ni nzito: tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ilifutwa mwaka 2021. Deni likikaa, halizai. Hakuna benki Mbeya nzima itakayokupa kitu cha namna hiyo, hata ukiweka shamba la parachichi la Rungwe dhamana.

Na ule mkopo wa kulipa kwa kufundisha? Upo, Marekani. Mpango wao wa TEACH unatoa hadi dola 4,000 kwa mwaka kama ruzuku, kwa sharti la kufundisha miaka minne ndani ya minane, somo lenye upungufu, shule ya watu wa kipato cha chini. Ukikosa sharti, ruzuku yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ulipopewa. Maelfu waligeuziwa hivyo, wengine kwa fomu ya mwaka iliyochelewa kidogo tu huku wakiwa darasani wanafundisha. Serikali yao ikalazimika kuyafungua upya majalada hayo. Wanaoutamani mpango huo hapa wajiulize jambo moja: siku hizi ualimu unaombwa Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi, na una usaili. Utalipaje kwa kituo ambacho hujapangiwa? Deni la fedha, angalau, aliye nje ya ajira rasmi analilipa hata kwa twisheni, ingawa kiwango chake cha chini ni 100,000 kwa mwezi na kwa mwalimu wa twisheni Tukuyu hiyo ni hela nyingi.

Aliyeajiriwa shule binafsi awe macho zaidi. Kuna waajiri wanaokata na hawapeleki, wakati sheria inawataka wapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Linganisha hati ya mshahara na taarifa ya deni kila baada ya miezi mitatu. Mwezi usipoonekana, peleka nakala ya hati ofisi ya kanda ya Bodi iliyopo Mbeya mjini, na utunze yenye muhuri wa kupokelewa.

Deni likikaribia kuisha, usisubiri mfumo ujizime wenyewe. Miezi miwili kabla, omba taarifa ya salio, lipa kilichobaki kwa namba ya malipo kama unacho, kisha omba barua ya kumaliza deni na uipeleke kwa afisa utumishi wa halmashauri. Barua hiyo ikifika baada ya tarehe ya kufunga mishahara, mwezi huo bado utakatwa, na kuidai ile 105,000 irudi kunachukua muda mrefu kuliko ilivyochukua kukatwa.