Tathmini: somo la jioni kuhusu mwezi Europa, Kigoma mjini

Vijana wanaofundisha elimu ya anga hapa Kigoma sasa wanatoza shilingi elfu tatu kwa somo la jioni kuhusu Europa, mwezi wa barafu wa sayari ya Mshtarii, na kwa maoni yangu fedha hiyo haiendi bure. Hawaanzi na bahari iliyofichika chini ya barafu, ambayo wengi wameshaisikia, bali wanaanza na chembe ndogo zenye chaji ya umeme, yaani elektroni, protoni na ioni, zinazoupiga mwezi huo usiku na mchana, kwa dozi ya mnururisho ya takriban sieveti 5.4 kwa siku (sieveti ni kipimo cha athari ya mnururisho mwilini), ambayo inaweza kumuua mtu.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya jaribio. Mkufunzi alilisogeza polepole mezani tufe la udongo mweusi, huku mwenzake akilipulizia vumbi la chaki kwa feni ya betri kutoka nyuma, hata mgongo wa tufe ukawa mweupe na upande wa mbele ukabaki mweusi. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10 na kuuburuta uga wake wa sumaku pamoja na chembe zilizonaswa humo, ilhali Europa huchukua saa 85 hivi kuizunguka sayari hiyo. Kwa hiyo chembe nyingi huufikia mwezi kutoka nyuma ya mwendo wake, na kwa kuwa Europa huielekezea Mshtarii uso uleule daima, mgongo unaopigwa haubadiliki. Salfa itokayo kwenye volkano za Io, mwezi jirani, hutua upande huohuo.

Hata hivyo, jaribio hilo liliwaacha wasikilizaji wakidhani kwamba upande wa mbele uko salama. Elektroni zenye nishati kubwa mno huenda kinyume na mkondo huo, nazo huupiga upande wa mbele hasa maeneo ya karibu na ikweta. Isitoshe, bango la ukutani linaonyesha mishale ikitoka kwenye Mshtarii kama miali ya jua, jambo linalopingana na maelezo mazuri ya mkufunzi mwenyewe, naomba libadilishwe.

Maelezo kuhusu Europa Clipper, chombo cha Marekani kilichorushwa Oktoba 14, 2024, yalikuwa makini. Tulielezwa kwamba chombo hicho kitaizunguka Mshtarii na kupita karibu na mwezi huo mara 49, badala ya kukaa kando yake, ili kipate muda wa kutoka kwenye mnururisho mkali, na kwamba vifaa vyake nyeti vya elektroniki vimewekwa ndani ya sanduku lenye kuta nene za alumini. Walitaja pia wasiwasi uliozuka mwaka 2024 kuhusu transista zake, yaani vijisehemu vinavyodhibiti umeme, kwamba huenda zisihimili mnururisho huo, nikafurahi kwamba hawakuuficha.

Darubini hutolewa nje mwishoni, mawingu ya ziwani yakiruhusu. Watoto wa chini ya darasa la tano watachoka kabla ya hapo.