Nimemaliza Healthier You, programu ya kuzuia kisukari ya NHS (huduma ya afya ya serikali Uingereza), maoni yangu

Wabongo mlioko Uingereza, GP (daktari wako wa kawaida) akikwambia sukari iko juu kidogo usiichukulie poa. Mimi HbA1c, kipimo cha sukari kwenye damu, ilirudi 44, na huku kuanzia 42 mpaka 47 bado sio kisukari ila uko njiani, 48 ndo ushafika. Na hicho kipimo hakidanganyiki eti ufunge pipi siku mbili kabla ya kwenda, kinasoma wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu nyuma.

Nesi akaniandikisha Healthier You, bure kabisa, inakwenda miezi tisa, unachagua kukutana na grupu au kutumia app. Nilichagua grupu, najijua, app ningeifuta wiki hiyo hiyo. Kitu kimoja kilinishtua mwanzoni, kwa Wazungu BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) inaanza kuhesabika unene uliopitiliza kwenye 30, kwetu sisi watu weusi na Wahindi ni 27.5, nikauliza hii vipi tena, kochi, yaani mwalimu wa grupu, akanielewesha kwamba sisi kisukari cha aina ya pili kinatupata tukiwa na uzito mdogo kuliko wao.

Sasa msosi, hapo ndo waliniudhi. Picha zote mkate wa brauni, pasta, oti. Ugali hamna, wali wa nazi hamna, muhogo ndo usiseme. Unaambiwa punguza wanga, sawa, lakini sahani yangu yote ni wanga nianzie wapi?? Mpaka siku moja mama mmoja wa Kijamaika akauliza kuhusu viazi vikuu vyake na mzee wa Kigujarati akadakia na chapati, basi kochi (Mungu ambariki yule dada) akaachana na slaidi akasema kila mtu alete picha ya chakula cha kwao kwenye simu. Kuanzia hapo nikaelewa: nusu sahani mchicha au bamia, robo ugali, robo samaki au maharage. Na adui yangu mkubwa wala hakuwa ugali, ilikuwa chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe na vikombe havihesabiki. Ramadhani ikagongana na vipindi vya jioni, tukaomba wakasogeza, ila kuhusu futari ya tambi na kaimati sikupata cha maana, tulielekezana wenyewe kwenye grupu la WhatsApp.

Kipimo cha mwisho 40 na suruali zangu za zamani zinaingia. Wanasema waliomaliza programu wamepunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa 37%, lakini hapo neno ni KUMALIZA. Mama mkwe wangu aliandikishwa pia kwingine, Kiingereza chake cha kuombea maji, wakaahidi mkalimani, kipindi cha kwanza hakuja, cha pili hakuja, bi mkubwa akachoka kukaa anatabasamu tu kwa asichokielewa, akaacha. Na yeye ndo mwenye sukari ya juu kuliko mimi.

Kwa hiyo mimi nyota nne, mama mkwe angewapa moja. Ukipigiwa simu ya kujiandikisha taja lugha yako pale pale, uliza kama kuna grupu la watu wa kwenu au mkalimani, wakikwambia watakutafutia waulize lini na ukumbushe tena kabla ya kipindi cha kwanza.