Rivabu ya dola 50 kwenye taarab: uzoefu wangu na ValhallaVintageVerb

Kwenye taarab, shairi lisiposikika hakuna wimbo. Rivabu yoyote, yaani mvumo unaotiwa kwenye sauti, naipima kwa hilo kwanza, uzuri mwengine baadaye.

Narekodi nyumbani, Mji Mkongwe. Chumba ni cha zamani, kuta nene za mawe na chokaa, dari iko juu, na kina mvumo wake chenyewe ambao si mzuri. Kwa hiyo natundika mablanketi, narekodi kavu, mvumo nautia baadaye kwenye kompyuta. (Adhana ikianza tunasimama, msikiti uko ukutani.)

ValhallaVintageVerb ni plagini, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya kurekodia. Ni ya Mmarekani Sean Costello, na imechota kwenye mashine za rivabu za miaka ya 1970 na 1980. Zamani zaidi, studio zenye uwezo zilikuwa na chumba kitupu chenye kuta ngumu, spika huku, maiki kule, sauti inapigwa mle na kunaswa ikirudi. Mwaka 1957 Wajerumani wa EMT wakaleta EMT 140: bamba la chuma la kama mita mbili kwa moja, limening'inizwa ndani ya sanduku na kutikiswa kwa umeme. Uzito wake kilo zipatazo 270; jaribu kulipandisha ngazi za nyumba ya Shangani! Mwaka 1976 wakatoa EMT 250 ya kidijitali, na 1978 ikaja Lexicon 224 ya Marekani. Mitambo ya wakati ule haikuweza kubeba sauti za juu kabisa, ndiyo maana mvumo wake una uzito wa aina yake.

Ukiweka kitufe cha Color kwenye 1970s, plagini nayo inakata sauti za juu karibu na kilohezi 10. Fidla inalainika vizuri sana. Kanuni, ile ala ya nyuzi, siipeleki huko. Mpigaji anafunga vipande viwili kwenye vidole vya shahada, na ule mguso wa kipande na uzi ndio unaokwambia noti imeanza wapi. Ukiufunika, zinabaki nyuzi sabini na kitu zinazovuma kwa pamoja. Kanuni naipa Room (mvumo wa chumba) fupi, Color ikiwa Now, isiyokata sauti za juu, basi.

Dola zangu zimekwenda kwenye Plate, mvumo wa kuiga bamba, kwa ajili ya mwimbaji. Bamba halina kuta za kurudisha sauti moja moja, mvumo wake unakuja umejaa tangu mwanzo. Naweka Decay (muda wa mvumo kufifia) sekunde moja na nusu hivi, sauti za chini nazikata kuanzia hezi 200, na Predelay (muda wa kusubiri kabla mvumo haujaanza) naipeleka milisekunde 50. Hiyo Predelay ndiyo roho ya kazi: neno linatoka kavu, mvumo unafuata nyuma yake, na mafumbo yote yanafika kwa msikilizaji. Concert Hall, mvumo wa ukumbi mkubwa, ni tamu ukiisikiliza peke yake, lakini ngoma ya dumbaki ikiingia, silabi zinaanza kumezana.

Supermassive, plagini nyingine ya Costello, ni ya bure, ila imeundwa kwa mvumo mkubwa usiokwisha. Ni raha kwa sinthi (kinanda cha elektroniki), si kwa shairi. Anayefanya zenji flava, muziki wa vijana wa Zanzibar, aanze na rivabu iliyokuja na programu yake ya kurekodia, inamtosha. Wa taarab, hii unalipa mara moja kwa kadi, na kuna toleo la majaribio: lijaribu kwa sauti ya mwimbaji wako, dumbaki likiwa linapigwa.