Waliniambia Passo inanusa tu mafuta

Niliinunua mkononi kwa mtu. Toyota Passo ya 2006, ile ya chesisi KGC10, injini ya 1KR-FE yenye cc 996 na silinda tatu, otomatiki ya gia nne. Aliyeniuzia alinipa maneno ambayo kila muuza gari ndogo nchi hii anayajua: "Dada, hii hainywi, hii inanusa tu." Mimi naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, kazi iko Mtumba, kama kilomita 23 kwenda na 23 kurudi, siku tano kwa wiki. Kwa hiyo neno "inanusa" lilinikaa moyoni kuliko hata rangi ya gari.

Miezi miwili baadaye mshale wa mafuta ulikuwa unashuka kama vocha ya mtoto wa chuo. Ushahidi sikuwa nao, na bila ushahidi fundi hakusikilizi, atakwambia mafuta ya siku hizi mabaya. Nikanunua daftari dogo, nikaliweka kwenye droo ya dashibodi. Sheli ile ile, pampu ile ile, najaza fuli mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza, basi. Hakuna kutikisa gari ili iingie zaidi, maana vijana wa sheli wanapenda sana kutikisa. Narudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri, naendesha wiki yangu, nikirudi kujaza nagawa kilomita kwa lita. Mara ya kwanza ilikuwa kilomita 332 kwa lita 27.4. Hiyo ni kilomita 12.1 kwa lita. Mwenzangu wa ofisini ana IST ya cc 1,298 na anapata zaidi ya hapo.

Nilianza na ujinga, niuseme mapema uishe. Nilinunua kidude cha elfu 25 cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya fundi kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani. Kina taa ya kijani inayowaka na kuzima, na boksi lake linadai kitasoma unavyoendesha kisha kibane mafuta. Tenki moja nzima nacho: 12.0. Nikakifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vifaa vya kuwashia taa, na pini za soketi zinazobeba mawasiliano ya kompyuta ya gari hazikuunganishwa na kitu chochote. Nilikuwa nimenunua taa.

Nikahamia kwenye vitu vya heshima: plagi tatu mpya na eya klina. Hii ya zamani ilitoka nyekundu, vumbi letu lote limo humo, nikasema hapa sasa nimempata mwizi. Daftari likasema 12.3. Baadaye nikaelewa kwa nini. Gari ya injeksheni inapima hewa inayoingia na kutoa petroli kwa kiasi hicho, kwa hiyo klina ikiziba unapoteza nguvu kuliko unavyopoteza mafuta. Waliokuwa wanaumia zaidi ni wenye kabureta. Bado ibadilishe, hasa ukiishi Dodoma ambako vumbi halina likizo, ila badilisha kwa ajili ya injini.

Kisha upepo. Neno ni moja kwa tairi na kwa ule unaotupiga huku kuanzia Juni, na yote mawili yananihusu. Kijana wa pancha mtaani kwetu anapima tairi kwa kuipiga teke. Nilinunua geji yangu ya elfu 12, nikapima saa 12 asubuhi kabla gari haijasogea, kwa sababu ikishatembea au ikipigwa jua namba inapanda na kukudanganya. Nilipata 19, 24, 22 na 27. Gari moja, matairi manne, kila moja na lake! Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva, kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, ambayo ndiyo namba za geji yangu. Mimi naongeza mbili juu ya hapo, na napima kila Jumamosi.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimeinua gari kwa jeki, nikazungusha gurudumu la mbele kushoto kwa mkono, likagoma. La kulia lilizunguka vizuri. Nikakumbuka kuwa rimu ya kushoto huwa ya moto kuliko wenzake nikifika kazini, nami nilidhani ni jua la maegesho. Klipa, kile kinachobana pedi za breki, ilikuwa imeganda, breki inashika muda wote, na mimi nalipia petroli ya kuisukuma. Pini zikasafishwa na kupakwa grisi, elfu 15. Upepo na breki kwa pamoja vikanifikisha 13.4.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na humu sehemu ya kosa ni yangu. Mwezi wa kwanza tangu niinunue, nikirudi kutoka Morogoro, gari ilichemsha Kibaigwa. Fundi niliyekuwa naye wakati huo akaja na dawa yake: "Dada, hii nchi ya joto. Themostati ni ya Wajapani wenye theluji. Tuitoe, hutasumbuka tena." Nikamlipa elfu 10 anitolee. Na kweli, haikuchemsha tena.

Passo hii haina mshale wa joto. Ina taa tu: ya bluu maana yake injini bado ya baridi, nyekundu maana yake umekwisha. Zamani bluu ilizimika mapema. Baada ya ile elfu 10 ikawa inawaka kutoka nyumbani, inapita mjini, inanisindikiza mpaka Kisasa. Asubuhi za Julai ilizimika, halafu nikishika spidi huko Ihumwa inarudi tena, njiani, gari imetembea nusu saa. Nami niliiona kama urembo. Nilifurahi hata, nikasema gari yangu ni ya baridi.

Aliyenifumbua macho ni fundi mzee wa Chang'ombe niliyepelekwa na jirani. Niliiacha kwake jioni, nikarudi asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Washa."

Nikawasha. Akafunika kiganja kwenye mpira wa rejeta, akatulia hivyo kama anayepima homa ya mtoto. Dakika hazikufika tatu.

"Themostati yako iko wapi?"

"Ilitolewa, mzee. Ilikuwa inachemsha."

"Maji yanakwenda kwenye rejeta tangu unawasha. Hii gari ina homa ya baridi, na dawa ya baridi yake ni petroli."

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyahakikisha kwa kisoma-kompyuta cha bluetooth nilichounganisha na simu, ni haya. Themostati ni mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa ili maji yazunguke ndani tu na kupata moto haraka. Kuna sensa inayoiambia kompyuta maji yana nyuzi ngapi. Maji yakiwa ya baridi, kompyuta inaongeza petroli, kama vile zamani ulivyovuta choki. Ukitoa mlango, hasa barabara kuu ambako upepo unapiga rejeta, maji hayafiki joto lake, na choki haifungwi vizuri hata siku moja. Mimi simu ilinionyesha nyuzi 61 mpaka 66 nikiwa nimeshapita Nzuguni. Gia ya nne nayo ilikuwa inachelewa kuingia. Otomatiki nyingi za Toyota husubiri injini ipate joto kwanza.

Na kuchemsha je? Sababu ilikuwa kifuniko cha rejeta, springi yake imechoka haishiki presha, na rejeta yenyewe imeota magamba. Kwa mtu wa Dodoma hilo halihitaji mganga. Angalia birika lako la chai. Maji yetu yana chumvi, na mimi nilikuwa natembea na dumu la lita 20 kwenye buti nikiongezea maji ya bomba kila wiki. Nilikuwa nayajenga yale magamba mwenyewe, na bado nabeba kilo 20 za kuyajengea.

Mzee akaniambia nitafute themostati. Mimi na ubahili wangu nikaleta iliyotumika, elfu 10. Hakusema kitu. Akaweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa lililokuwa linachemshia chai ya vijana wake, akaitumbukiza. Maji yakaanza kutoa mapovu, yakachemka kabisa, ile themostati imefumba mdomo vile vile. "Hii ndiyo itakuunguzia gasketi," akasema, akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Nikaenda kununua mpya, elfu 38, imegongwa namba 82, yaani nyuzi za kufungukia. Nayo ikapita kwenye sufuria. Kabla maji hayajachemka kabisa ule mdomo ukaanza kuachia polepole, nafasi ya unene wa kucha, kisha kidole. Alipoitoa ikajifunga yenyewe. Nimeishi na gari mwaka mzima na sikuwahi kuona kitu chake kikifanya kazi mbele ya macho yangu namna ile.

Jumla: themostati 38,000, kifuniko 15,000, kulanti (maji maalumu ya rejeta) 30,000, kuzibua rejeta 20,000, ufundi 20,000. Laki moja na elfu 23. Tenki iliyofuata ilinipa 15.2, na simu ilisoma nyuzi 84 mpaka 88 iwe mjini au barabara kuu. Haijachemsha tena.

Kilichobaki ni mguu wangu. Nikiona tuta au kipilefti mbele naachia mafuta mapema, gari ijiendee yenyewe ikiwa kwenye D. Injini hizi ukiachia kabisa mguu ukiwa kwenye gia, kompyuta inakata petroli mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensa, yaani ule wa gari ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ndiyo maana siwaelewi wanaoweka nyutro kwenye mteremko "kubana mafuta": ukiwa nyutro injini inabidi inywe ili isizime, na umejinyima msaada wa injini kwenye breki. Nimeona mtu anashuka Nyang'oro, barabara ya Iringa, hivyo hivyo na familia ndani. Kuokoa nini?

Kiyoyozi nakiwasha Oktoba na Novemba bila aibu. Kwa injini ya lita moja unakisikia kabisa kikivuta. Mjini nafungua vioo, barabara kuu nafunga.

Nilifanya jaribio moja la safari, Morogoro, kilomita 262. Kwenda nilitembea 100 na zaidi kila palipokuwa wazi: lita 16.8, yaani 15.6 kwa lita. Kurudi nikashikilia 80: lita 14.9, yaani 17.6. Na kurudi ndiko kupanda, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, Morogoro kama 500. Upepo wa mashariki ulinisukuma mgongoni, hilo nakubali, na asubuhi yake nikienda ulinipiga usoni kwa spidi ambayo Passo, lenye umbo la boksi la viatu, halina hoja nayo. Nilichelewa dakika 35 tu, maana vijijini wote tuko kwenye 50, na tochi za trafiki za kupimia spidi hazina mdogo wala mkubwa.

Sasa hivi wiki ya kawaida ya Nkuhungu na Mtumba inanipa 16.8. Mara ya mwisho kilomita 405 kwa lita 24.1. Kwa mwezi wa kilomita elfu moja na kidogo hiyo ni lita 23 ambazo sinunui, na ukiweka elfu 3 kwa lita moja ni karibu elfu 70. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wakitangaza bei, roho inashtuka kidogo kuliko zamani.

Gari yenyewe nitaipa nini? Inatetemeka kwenye taa kama bodaboda, silinda tatu hazifichiki. Lori likikupita karibu na Gairo inasogea yenyewe bila kukuomba ruhusa. Spea zipo kila kona na bei hazitishi. Kuna kijana ananishawishi niweke rimu kubwa za R15 "ipendeze"; matairi yakiisha narudisha 155/80 R13 yale yale.

Nabeba wenzangu watatu asubuhi, wanachangia mafuta. Mwanzoni walilalamika kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Dada wa mapokezi, anayekaa mbele, ndiye ameigeuza taa ya bluu kuwa kazi yake. Tukitoka Nkuhungu anaikodolea macho hajasalimia mtu, na kabla hatujaishika barabara ya Bahi anatangaza kwa nyuma: "Bluu imeondoka jamani," ndipo anafungua chapati zake.