Finding Bigfoot au River Monsters?

Programu hizi mbili za televisheni zilikuwa za chaneli ya Animal Planet, na zote huanza na hadithi ya kutisha. Finding Bigfoot (2011–2018) inawapeleka watu wanne msituni usiku, wagonge miti na kupiga mayowe ili Bigfoot, lile jitu la manyoya la hadithi, liwajibu. Tawi likivunjika tu, basi, ndilo! Hawakulipata ng'o.

Katika River Monsters (2009–2017), Jeremy Wade, mwanabiolojia na mvuvi wa ndoana, husikiliza wenyeji, huchuja uvumi, kisha humtoa samaki mwenyewe majini. Kwenye Mto Kongo alimvua mbenga, samaki mwenye meno kama misumari anayedaiwa kuwa na pepo.

Ya kwanza inachekesha mkiwa wengi. Mimi namchagua Wade, ingawa naye hutia chumvi kwa ile miziki ya vitisho.